Kumi Kushuka Hadi Moja: Wikendi ya Wawili Mji Mkongwe

Kuna wapenzi Dar es Salaam wanaoahidiana Unguja kila mwaka, na kila mwaka wanaishia Coco Beach na mihogo ya kukaanga. Mihogo ile ni mitamu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kile kisingizio: "Zanzibar ghali, mpenzi." Ghali ni hoteli za ufukweni, zile zenye bwawa la kuogelea hatua chache tu kutoka baharini. Mji Mkongwe ni habari nyingine. Watu wake hutembea kwa miguu, huzungumza barazani, hula wamesimama, na vizuri vyake vingi viko nje mlangoni, havina tiketi. Kinachotakiwa ni kujua saa. Kila jambo la mji huu lina saa yake, na anayezijua saa hizo hahitaji pochi nene.

Tuhesabu basi, tushuke kutoka kumi hadi moja. Shikaneni mikono.

10. Tiketi kwanza, ahadi baadaye

Boti ziendazo kasi hutoka bandarini Dar, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na huchukua kama saa mbili hadi kutia nanga Malindi, bandari ya Unguja. Ondokeni na boti ya alasiri siku ya Ijumaa, rudini na ya alasiri Jumapili. Nunueni tiketi ofisini kwa kampuni yenyewe au mtandaoni, tena mapema. Yule kijana wa getini anayekuita "bosi" na kukuahidi siti ana njaa yake, na dawa ya njaa hiyo ni pochi yako. Kila mmoja abebe kitambulisho, kwa sababu nauli ya Mtanzania na ya mkaazi iko chini ya ile ya mgeni.

Daraja la kawaida linatosha kabisa. Mwenzi anayehitaji kiti cha ngozi kwa saa mbili ili aendelee kukupenda, ni vizuri umjue kabla ya mahari.

Pepo za kusi zikivuma, hasa kati ya Juni na Agosti, mkondo huo huchafuka. Kaeni chini na katikati ya boti, mle kidogo, mtafune tangawizi. Na ukiona mwenzako anakupepea kwa kanga bila kuchoka mpaka mnara wa taa wa Chumbe uonekane, usingoje kufika mjini. Posa hapo hapo.

9. Kimbieni sherehe, msiikimbie mvua

Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF. Yote mawili ni mazuri mno, na wakati huo vyumba hujaa na bei hupanda. Mwenye mfuko mwembamba aende wakati wa masika, Aprili na Mei, wenye nyumba wanapopunguza bei ili wasilale na vyumba vitupu. "Lakini itanyesha!" Inyeshe. Mmeenda wawili, mna chumba kimoja, na nje kuna mvua. Sasa mnalalamikia nini?

Ramadhani ni jambo la kupanga kwa heshima. Mchana migahawa mingi hufungwa na hamtakula barabarani; usiku, baada ya futari, mitaa huchangamka. Nendeni mkiwa tayari kufuata mwendo wa wenyeji.

8. Laleni ndani ya mji, tena ghorofani

Hapa ndipo pa kutoa fedha kidogo zaidi, nami nitapatetea kwa nguvu zote. Wapenzi wengi hubana kwenye chumba ili wapate cha kutumia kwenye matembezi. Geuzeni. Matembezi ya Mji Mkongwe ni ya bure au karibu na bure. Chumba ndicho kitakachowabeba usiku mbili na asubuhi mbili.

Tafuteni nyumba ya zamani iliyogeuzwa gesti, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, boriti za mikoko darini. Ulizeni mambo matatu kwa simu kabla ya kulipa: maji yanatoka saa zote? Kuna kiyoyozi au feni tu? Kitanda ni kimoja au viwili? Swali la tatu liulizwe kwa sauti kavu bila kucheka, maana kuna wawili walioungojea mwaka mzima usiku huo wakapewa vitanda viwili vyenye meza katikati.

Kikiwepo kitanda cha semadari, kichukueni. Ni kirefu kwenda juu, kina nguzo na vioo vya rangi, na mbavu zenu zitajua kwamba mafundi wa zamani hawakufanya mzaha na mbao. Ngazi za nyumba hizi zimesimama wima, hivyo begi liwe dogo. Nyingi huwaandalia wageni chai ya asubuhi juu ya paa, na hiyo ndiyo anasa halisi ya mji: mabati yenye kutu pande zote, minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Wakatoliki pale Shangani, na bahari imetanda nyuma yake. Alfajiri adhana itawaamsha, moja ikijibiwa na nyingine mtaa kwa mtaa. Msinung'unike. Mmepewa saa nzima ya ziada kabla ya chai.

Na bei mtajiwe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni kwenye biashara za ndani, kwa hiyo ukiambiwa dola, tabasamu, uliza tena kwa shilingi, kisha uliza kama kuna bei ya wenyeji. Kuuliza si ubahili. Ubahili ni kumwambia mwenzako chai ya asubuhi "tugawane".

7. Poteeni, mgombane, mpatane

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, ingieni vichochoroni bila ramani na bila mtu wa kuwaongoza. Papasi, wale vijana wanaowaganda wageni ili wawaongoze kwa malipo, wengi bado wamelala. Hamtapotea kweli: mji huu ni rasi, bahari imeuzunguka karibu pande zote, na upande uliobaki ni Darajani, palipokuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Nendeni mbele tu. Mtatokea majini au mtatokea sokoni.

Tazameni milango. Ule wenye kizingiti bapa na nakshi za maua au maandishi ya Kiarabu una asili ya Uarabuni. Ule wenye upinde juu na nakshi zilizojaa hadi pembeni una asili ya Uhindini. Misumari mikubwa ya shaba nayo ni desturi iliyotoka Uhindini, na kando ya fremu mtaona mnyororo uliochongwa. Chezeni mchezo huu: kila mmoja achague mlango wa nyumba atakayomjengea mwenzake. Haugharimu chochote, na utagundua mambo. Anayechagua mlango mnene wenye misumari mingi, muulize kwa upole ni nani anayemwogopa.

Katikati ya haya mtagombana, ni lazima. Mmoja atasema kushoto, mwingine ataapa ni kulia, na wote wawili mmeshaupita ukuta huo huo mara tatu. Sawa, gombaneni, lakini kuna kiwango kilichowekwa na mji wenyewe. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kwa mizinga kasri ya hapa pwani, na vita vile, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, vilimalizika kwa kama dakika arobaini. Watu mamia waliuawa au kujeruhiwa, kwa hiyo vita vyenyewe si vya kuchekea. Ila kama falme mbili ziliweza kufikia mwisho kwa muda huo, ninyi mliokosana kuhusu kona moja mnadai mchana kutwa wa nini?

6. Kahawa chungu

Kuna njia panda ya mitaa wanayoiita Jaws Corner. Kahawa hutoka kwenye dele la shaba, kikombe kidogo, bei ya sarafu, na pembeni mna dhumna, gazeti na siasa. Kwa mazoea ni baraza la wanaume. Mkifika wawili, salimieni kwanza, ombeni nafasi pembeni, na bibie asishangae macho yakimgeukia. Baada ya kikombe cha pili watarudi kwenye siasa. Nunueni kashata. Msichangie hoja ya uchaguzi, mtaikosa boti ya Jumapili.

5. Mkunazini

Hapa utani naweka chini.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa papo hapo. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Biblia, amezikwa humo. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998, na minyororo ile ni ya kweli.

Mtauliza, mahali kama hapa panaingiaje kwenye wikendi ya mapenzi? Milango mliyoipenda asubuhi ililipiwa na pembe za ndovu, karafuu na watu. Kuupenda mji huu nusu nusu, upande wa nakshi pekee, ni kuudanganya. Tena yule unayetaka kuzeeka naye, ni vizuri mmesimama pamoja mbele ya jambo zito angalau mara moja, bila simu mkononi. Ulizeni kiingilio cha Watanzania, ingieni na mwongozaji wa pale pale, na mkitoka msikimbilie kuongea. Tembeeni kidogo kwanza.

4. Wapenzi wa paa kwa paa

Sasa twende kwa binti mfalme, ambaye hadithi yake haina kiingilio.

Salme binti Said alizaliwa 1844 katika kasri ya Mtoni, mtoto wa Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika walinyimwa. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Alipokua akahamia mjini, na nyumba yake ikapakana na ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Madirisha yalitazamana, paa zikakaribiana, na mengine mnayajua. Mwaka 1866, akiwa na mimba, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Ruete akamfuata 1867, Salme akabatizwa jina la Emily, wakaoana, wakaelekea Ujerumani.

Furaha haikudumu. Ruete alifariki 1870 kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwacha mjane kijana mwenye watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Salme akaandika maisha yake, kitabu kikatoka kwa Kijerumani 1886, na akafariki Jena mwaka 1924. Nauona ujasiri wa mwanamke huyu kuwa hazina kubwa ya mji kuliko jengo lolote, na inaniuma kwamba wageni wengi humpita wakikimbilia nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury pale Shangani. Mercury alizaliwa Zanzibar 1946 na ana haki yake. Lakini nendeni kwa bibi kwanza.

Njia yake ni hii. Anzeni Mizingani, mbele ya kasri inayotazama bahari. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash, kakake Salme, mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kisha pandeni daladala ya Bububu mshuke kwenye magofu ya Maruhubi, kasri nyingine ya Barghash, iliyoungua 1899; zimebaki nguzo na bafu. Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa. Nauli ya daladala, watu wawili kwenda na kurudi, haifiki bei ya soda moja ya hotelini.

Na mkae hapo mkifikiri. Msichana yule alihatarisha uhai wake kwa ajili ya salamu za dirishani. Ninyi mna WhatsApp, mna bando, na bado mmoja wenu amesoma ujumbe tangu jana hajajibu.

3. Urojo kabla ya Forodhani

Makosa ya wapenzi wengi ni kufika usiku kwa wauza vyakula wa bustani ya Forodhani na njaa ya siku nzima. Mwenye njaa hanunui, huamriwa. Atatajiwa kamba wa mshikaki, kisha ngisi, kisha kaa, sahani itajaa, na bei itasemwa mwisho.

Kuleni urojo kwanza, alasiri, mitaani. Ni uji mwepesi wa manjano, mchachu kwa ndimu na embe bichi, na ndani yake hutupwa bajia, kachori, viazi, yai, vipande vya mshikaki, juu chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, chatne ya nazi na pilipili. Bakuli moja ni mlo. Ni chakula cha watu wa hapa, kina Uhindi na Uswahili ndani ya kijiko kimoja, na kwangu hakuna mkahawa wa paani uliowahi kukifikia. Tazameni foleni iko wapi, hasa ya wanafunzi na akina mama, mjipange hapo. Na kipimo cha mapenzi kiko hapa pia: kachori ya mwisho inaelea katikati ya bakuli mliloshirikiana. Anayeisukuma upande wako, mshike. Anayeichukua akikutazama machoni, huyo ana nguvu ya moyo. Mshike pia, ila kila mtu na bakuli lake.

Mkishashiba, ndipo mteremke Forodhani, kama saa kumi na mbili jioni. Jua huzama baharini mbele yenu, vijana wanarukia majini kutoka ukutani, wengine kwa sarakasi, na watazamaji wanapiga makofi. Kaeni ukutani. Bilauri mbili za maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mishkaki miwili, na kama hamjawahi, ile "pizza" ya Zanzibar inayokunjwa kwenye chuma cha moto. Bei iulizwe kabla kitu hakijagusa moto. Kuhusu mabusu: hapa ni mji wa Waislamu, watoto wanacheza na bibi zao wamekaa benchi la jirani. Mabega na magoti yafunikwe, mikono ishikane, mengine yanangoja ghorofani. Kungoja nako kuna utamu wake.

2. Usiku wa taarabu, na noti ndogo ndogo

Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, na muziki wake haujazimika tangu hapo. Hapa ndipo nyumbani kwa Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na kwa Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki 2013. Mkishafika Ijumaa, waulizeni wenye gesti ni wapi patapigwa taarabu Jumamosi: Ngome Kongwe, kwenye vikundi vyenyewe, au kwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanzishwa 2002. Ukipata usiku wenye fidla, kanuni na udi, umepata kitu ambacho fedha nyingi hazikinunui kwingineko.

Nendeni na noti ndogo, kwa sababu ya kutunza. Ubeti ukikugusa, unainuka taratibu, unamwendea mwimbaji kwa madaha, unampa noti, unarudi. Ukumbi wote unajua ubeti ule umemwelekezea nani. Ndugu yangu ambaye ulimi wako ni mzito na miaka miwili hujasema neno la maana, usiku huu mwimbaji atakusemea kila kitu kwa noti moja. Onyo: usiinuke kwenye ubeti wa kumsuta mtu. Sikiliza maneno kwanza, la sivyo utalala kwenye ngazi.

1. Mfuko mmoja, na anasa moja

Hili ni la kwanza kwa sababu bila hilo yote tisa yanaharibika. Kinachoua wikendi ya bei nafuu ni yale macho ya pembeni kila mara mmoja anapofungua pochi. Yamalizeni mazungumzo ya fedha nyumbani, mkiwa mmeshiba. Nauli na chumba vilipwe kabla ya safari. Kinachobaki kiwekwe kwenye mfuko mmoja, cha Jumamosi mbali na cha Jumapili, na mshikaji wa mfuko awe mmoja kwa siku, mbadilishane. Aliyeushika leo anaamua leo, mwenzake hana rufaa. Wanandoa wa miaka ishirini nao wajaribu. Watashangaa nani alikuwa mkarimu muda wote huo.

Kisha tengeni fungu dogo la anasa moja tu. Inaweza kuwa mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, kama nusu saa kutoka pwani, kwenye kobe wakubwa wa ukoo ulioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Patanisheni bei ya chombo kizima, mtafute wenzenu wa kuchangia, na mjiandae, kobe wale wakipendana hawajui kunong'ona. Inaweza kuwa doti ya kanga kutoka Darajani, jina lake mlichague pamoja, mmoja apate kipande hiki na mwingine kile. Inaweza kuwa vikombe viwili vya chai ya viungo kwenye paa la hoteli ile ambayo msingeweza kulala. Moja tu, na achague yule ambaye hakuchagua chumba.

Na yeyote atakayejibu "chochote tu mpenzi, amua wewe", Jumapili abebe mabegi yote mawili mpaka Malindi.